Fahali Wawili kwenye Waya Mmoja

Kinawaka. Hilo ndilo linaloniudhi.
Ukibonyeza kitufe kinatoa ulimi wake wa plastiki,
kinaurudisha mdomoni, kinanguruma kidogo
kama mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake,
halafu basi. Kompyuta inaapa haikijui.
Diski kuu ipo, inasema skrini. Kibodi ipo.
Kisoma sidii? Hamna.
Mgeni amekaa sebuleni, amevua viatu, anakohoa,
na mwenye nyumba anashikilia hakuja mtu.

Bi Skaidrīte amesimama nyuma yangu na sahani ya biskuti.
Ghorofa ya nne, Daugavpils, mwisho wa Machi,
theluji ya uani imekuwa uji wa kijivu
na lifti imekufa tangu Krismasi.
Nimepanda na mfuko wa bisibisi nikihesabu ngazi,
nikijiambia ni waya tu.
Huwa ni waya tu.

Katika sidii hiyo moja, yenye mwandiko wa kalamu ya bluu,
marehemu Vitolds aliweka ukoo wa nyuki wake:
malkia yupi binti wa yupi,
mzinga upi una hasira, upi unakula akiba kabla ya wakati.
Wiki tatu tu mizinga itafunguliwa,
na mjane hataki kubahatisha.

Nikang'oa ubavu wa bati.
Vumbi la miaka kumi na tisa, laini kama manyoya ya paka,
na kwenye mapanga ya feni, nyuki mmoja, mkavu.
Akamchukua kwa ncha ya kidole,
akamsogeza dirishani, akamgeuza.
"Dume," akasema,
akamtia mfukoni mwa aproni.

Nikachomoa waya bapa, nikauchomeka upya. Hola.
Nikabadilisha plagi ya umeme. Hola.
Nikahesabu pini thelathini na tisa kwa tochi,
hakuna iliyopinda. Nikawasha. Hola.
Biskuti ya tatu.
Ndipo nikauliza nililopaswa kuuliza mlangoni:
"Kuna mtu aliyewahi kuifungua hii?"

"Mjukuu. Raitis. Alipokuja majira ya joto.
Alisema anaiongezea nafasi."

Aa. Raitis.
Diski ya pili, imeshikwa na skrubu moja, imeinama kama jino bovu,
imening'inia kwenye waya uleule wa kisoma sidii,
na kisogoni mwake kidude cheusi, kidogo kama punje ya mtama,
kimekaa palepale kilipokaa cha jirani yake.
Wote wawili wanajiita bwana.
Wahenga hawakuwahi kushika bisibisi
lakini hili walishalimaliza zamani, zizini.

"Mmoja lazima awe mtumwa," nikamweleza.
"Ndivyo walivyoyaita waliotengeneza. Bwana na mtumwa."
"Walikuwa wanaume," akasema,
"na hawajawahi kuosha ndoo za asali."

Akaniletea kibanio chake cha nyusi.
Nikashika punje, nikaivuta, ikaruka,
ikazama kwenye zulia.
Tukatambaa, yeye na mimi na tochi,
chini ya meza, chini ya kabati la vyombo,
mimi nikilaani kimoyomoyo, yeye kwa sauti, kwa Kilatgali,
mpaka unyayo wake, ndani ya soksi ya sufu,
ukamwambia ilipo.

Nafasi moja kushoto. Waya. Umeme.
Skrini ikawa nyeusi muda mrefu kuliko haki,
kisha mstari mmoja wa herufi ukajitokeza,
jina la kiwanda, namba, nukta,
na mle ndani kitu kikaanza kuzunguka.

Mzinga wa saba. Malkia wa Preiļi.
"Anauma, ila hahami," aliandika Vitolds.

Nikasema nitamnakilia yote kwenye kifaa kipya,
dakika mbili tu.
Hakunijibu. Alikwishavaa miwani,
amegeuza bili ya umeme upande mweupe,
anachonga penseli kwa kisu cha mkate.
"Endelea kushusha," akasema. "Polepole.
Wewe una ngazi za kushuka.
Mimi sina pa kwenda."